Kabla ya Thieta na Baada Yake: Jinsi ya Kumpata Mwenzako Aliyetolewa Kizazi

Nyeri haina uhaba wa vikundi vya wanawake. Wapresbiteri wana Woman's Guild, Wakatoliki wana Catholic Women Association, Waanglikana wana Mothers' Union, na asiye katika hivyo hakosi chama cha akiba au cha kuzungushiana pesa. Miaka ya 1960, wanawake wa Nyeri na sehemu nyingine za Kati walipochoka na mapaa ya nyasi yanayovuja, walichanga senti kidogo kidogo wakaezekeana nyumba kwa zamu, hadi vikundi vyao vikaitwa vya mabati. Ila mwanamke yuyo huyo, siku daktari anapomwambia kizazi chake kitatolewa, mara nyingi hukunja karatasi ya hospitali, akaitia mkobani na kupanda matatu ya nyumbani bila kumwambia mtu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya dada, binti au rafiki atakayemsindikiza. Unaeleza jinsi ya kumpata mwanamke aliyepitia upasuaji huo, wakati wa kumtafuta, mambo ya kumuuliza, na jinsi ya kupata msaada bila habari zako kusambaa kijiji kizima.

Kwa nini utafute aliyepitia

Daktari hueleza kinachotolewa na jinsi kitakavyotolewa. Muuguzi hueleza jinsi ya kutunza kidonda. Yapo maswali ambayo hospitalini hayana mwenyewe: nitainukaje kitandani nikiwa na nyuzi tumboni? Matatu ya kutoka mjini Nyeri hadi Naro Moru nitaivumiliaje? Nimjibu nini mama mkwe akiuliza mbona sikamui ng'ombe tena? Majibu yake yako kwa mtu aliyeyaishi.

Haya yaligunduliwa zamani. Mwaka wa 1952, Terese Lasser wa New York, aliyekuwa ametolewa titi, alianza kuwatembelea wanawake wodini baada ya kuona kwamba hakuna aliyekuwa tayari kumweleza mambo madogo ya maisha baada ya upasuaji. Mpango wake, Reach to Recovery, ulichukuliwa na Shirika la Saratani la Marekani mwaka wa 1969 na baadaye ukaenea nchi nyingi. Kenya nayo inaujua utaratibu huo: katika kliniki za wajawazito, akina mama wanaoishi na virusi vya Ukimwi wamekuwa wakiwaongoza wenzao wapya kwa miaka mingi.

Kwa magonjwa ya kizazi, ukimya ndio umekuwa mzito. Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, alifariki tarehe 25 Septemba 2011 kwa saratani ya ovari, na Wakenya wengi walisikia habari za ugonjwa wake alipokwisha kufariki. Tangu hapo ndimi zimeanza kulegea. Mtangazaji Njambi Koikai alizungumza hadharani kuhusu endometriosisi, ugonjwa wa tishu kama za utando wa kizazi kuota nje yake, hadi alipofariki Juni 2024. Mwaka wa 2025 mwigizaji Lupita Nyong'o alieleza kwamba aligunduliwa kuwa na faibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, mwaka wa 2014, mwaka ule ule aliotwaa Oscar. Leo kumpata mwanamke aliye tayari kuzungumza ni rahisi kuliko ilivyokuwa miaka ishirini iliyopita, mradi ujue pa kuulizia.

Kwanza, ujue upasuaji wako

Usianze kutafuta mwenzako kabla hujajua unafanyiwa nini. Wanawake wawili wanaweza kusema "nilitolewa kizazi" huku safari zao zikiwa tofauti kabisa. Mmoja alitolewa kwa sababu ya faibroidi zilizomfanya avuje damu nyingi kila mwezi, ovari zake zikabaki. Mwingine alikuwa na saratani, akatolewa kizazi, mlango wa kizazi na ovari zote mbili, kisha akaendelea na matibabu mengine. Wa tatu alitolewa usiku wa manane baada ya kujifungua kwa sababu damu haikukoma. Mwenzako akitofautiana nawe kwa sababu na kwa aina ya upasuaji, maneno yake yanaweza kukutisha bure au kukutuliza bure.

> KISANDUKU: Maswali saba ya kumuuliza daktari
>
> 1. Kizazi kinatolewa kwa sababu gani hasa?
> 2. Je, kuna njia nyingine inayonifaa, kama dawa, kitanzi chenye homoni, au kuondoa faibroidi peke yake?
> 3. Mlango wa kizazi utatolewa au utabaki?
> 4. Ovari zitatolewa? Moja au zote mbili? Kwa nini?
> 5. Mtapitia tumboni, ukeni, au kwa matundu madogo na kamera?
> 6. Nitalazwa siku ngapi, na nitakatazwa kazi nzito wiki ngapi?
> 7. Kilichotolewa kitapelekwa maabara? Majibu nitayachukua wapi, na lini?

Andika majibu kwenye daftari. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inakupa haki ya kuelezwa hali yako, njia za matibabu, faida, hatari na gharama zake, na kuelezwa hayo kwa lugha unayoielewa kadiri inavyowezekana. Ukitaka Kiswahili, Kikuyu au Kimeru, sema. Mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayetoa ridhaa yake mwenyewe; kumshirikisha mume ni jambo jema, lakini sahihi inayohitajika ni yako.

Hatua sita za kumpata

Anza mara tu unapopewa tarehe, au hata kabla yake. Wiki mbili au tatu zinatosha kumpata mtu, kuonana naye mara moja na kubadilisha mawazo ikiwa hamkuelewana.

1. Anzia kliniki. Siku ya kliniki ya magonjwa ya wanawake, iwe ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, Consolata Mathari, Tumutumu, Chogoria, Nanyuki, Embu au Meru, mwombe muuguzi mkuu hivi: "Sista, kuna mama aliyefanyiwa upasuaji kama wangu ambaye anaweza kukubali kuzungumza nami?" Usimwombe namba ya mtu. Mwachie yako. Muuguzi atamuuliza yule mama, naye akikubali atakupigia mwenyewe. Kwa njia hiyo siri ya mgonjwa mwingine haivunjwi, na yako pia inabaki salama.

2. Uliza kasisi wa hospitali au ofisa wa ustawi wa jamii. Hospitali za misheni kama Tumutumu na Mathari zina huduma ya kiroho, na hospitali kubwa za kaunti huwa na ofisi ya ustawi wa jamii. Hawa huwajua wagonjwa waliopona na wanaopenda kusaidia wengine.

3. Tafuta kwa jina la ugonjwa. Mwenye endometriosisi aulizie Endometriosis Foundation of Kenya au Endo Sisters East Africa. Mwenye saratani aanzie kliniki ya saratani anakotibiwa, kisha Nyeri Hospice au Meru Hospice. Wengi hukwepa hospisi wakidhani ni mahali pa kungojea kifo, ilhali wanaotibiwa na kupona nao hupata huko ushauri nasaha, tiba ya maumivu na wenzao wa kuzungumza nao. Aliyempoteza mtoto na kizazi kwa pamoja aulizie Still A Mum, shirika la Kenya linalowasaidia waliofiwa na mimba au watoto wachanga.

4. Chagua mtu mmoja kanisani. Usitangaze mkutanoni. Mwendee mwanamke mmoja unayejua ulimi wake hauna haraka, labda mwenyekiti wa zamani au muuguzi mstaafu, umuulize kama anamjua aliyepitia. Katika vikundi vya wanawake wa makamo, mara nyingi aliyepitia yupo, amenyamaza tu.

5. Mtumie mhudumu wa afya wa kijiji. Tangu Septemba 2023 serikali imewapeleka wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, kila mmoja na nyumba zake za kutembelea. Wako anaweza kukukutanisha na mtu, na baada ya upasuaji anaweza kupita nyumbani kukupima presha.

6. Vuka mji. Kama unaogopa maneno ya mtaani, mtafute mwenzako mbali kidogo. Anayeishi Nyeri mjini anaweza kuzungumza kwa simu na mama wa Nanyuki, karibu kilomita 60, na wasikutane sokoni hata siku moja.

Kikao cha kwanza: mpime kabla hujamfungulia moyo

Kutaneni mahali penye utulivu, au pigianeni simu wakati nyumba haina watu. Nusu saa inatosha. Muulize alitolewa kwa sababu gani, lini, kwa njia gani, na kama ovari zilibaki. Kisha ingia katika mambo ya nyumbani: siku ya kwanza ya kutembea ilikuwaje, alikula nini, ni kazi gani aliyoianza mapema akajuta, ni nani aliyemsaidia kuoga, mumewe alichukuliaje, alilia lini.

Mwenzako mzuri atasikiliza zaidi ya kusema. Atasema "kwangu ilikuwa hivi" na kukuachia nafasi ya kuwa tofauti. Akifika kwenye dawa au kidonda, atakuambia umuulize daktari.

Shukuru kwa adabu na uondoke ukiona moja kati ya haya:

- anakuambia uache upasuaji, au uufanye, bila kujua ugonjwa wako;
- anauza chupa za "kuyeyusha faibroidi" au anakuelekeza kwa anayeziuza;
- anakusimulia ya mgonjwa mwingine na kumtaja jina, kwa maana kesho atakutaja wewe;
- kila jambo kwake ni balaa, au kila jambo ni rahisi.

Nani aambiwe nini

Msaada wa mikono na msaada wa moyo haulazimiki kutoka kwa watu wale wale. Wagawe watu makundi matatu.

Wa ndani ni wawili au watatu: mwenzako aliyepitia, mumeo au dada yako, na labda binti mkubwa. Hawa wajue kila kitu.

Wa mikono ni majirani na wanachama watakaochota maji na kukata nyasi. Wajue kwamba unafanyiwa upasuaji, utakuwa nje ya kazi kwa muda gani na unahitaji nini. Wanaweza kutumiwa ujumbe wa namna hii:

*"Kina mama wapendwa, wiki ijayo nitalazwa kwa upasuaji. Daktari amenikataza kubeba vitu vizito kwa wiki sita. Naomba msaada wa maji, kuni na kumkatia ng'ombe nyasi. Mengine nitawaambia mwenyewe nikipata nafuu. Asanteni sana."*

Wa mbali wajue tu kwamba hupo. Hawana haki ya zaidi.

Mahali ambapo siri huvuja zaidi ni kwenye mchango. Kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa, picha yako inawekwa pamoja na namba ya M-Pesa, na chini yake jina la ugonjwa kwa herufi kubwa. Kabla mtu hajaandika chochote, mwambie maneno yatakayotumika. "Gharama za matibabu" yanatosha kabisa.

Gawa kazi kabla hujalazwa

Baada ya kupasuliwa tumboni, mwili huhitaji takriban wiki sita hadi nane kupona. Waliofanyiwa kupitia ukeni au kwa kamera hurudi kazini mapema zaidi, lakini mshono wa ndani hauonekani na haupaswi kuharakishwa. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20, nao madaktari wengi humkataza mgonjwa kubeba hata robo yake katika wiki hizo. Mzigo wa kuni mgongoni, kikapu cha majani chai, gunia la viazi la Kieni na kumvuta ng'ombe kamba vyote viko katika orodha ya marufuku.

Hapa ndipo ngwatio, desturi ya kulimiana mashamba kwa zamu, inaporudi kuwa na kazi. Chukua karatasi na uandike jina mbele ya kila jukumu:

- maji na kuni: nani, siku zipi;
- ng'ombe: nani anakamua asubuhi, nani jioni, nani anakata nepia;
- watoto: nani anawaamsha na kuwapeleka shule;
- chakula: nani anapika wiki ya kwanza, nani ya pili;
- shamba: nani anachuma chai au kahawa, na pesa zinahesabiwaje;
- usiku: nani analala karibu nawe siku tatu za kwanza nyumbani.

Jukumu lisilo na jina hurudi kwako siku ya nne, nawe utaliinua.

> KISANDUKU: Karatasi na pesa
>
> - SHA: Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kagua usajili wako kwa *147#, hakikisha mchango umelipwa, na uulize hospitali kama idhini ya upasuaji imeshapatikana kabla hujalazwa.
> - Kazini: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili na 7 kwa nusu malipo kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Wiki sita ni ndefu kuliko hapo. Mfanyakazi wa shamba la maua Timau au kiwanda cha chai azungumze mapema na mwajiri kuhusu siku za ziada, likizo ya mwaka na kazi nyepesi wakati wa kurudi.
> - Damu: hospitali ikiomba wachangiaji, hii ni kazi nzuri ya kuwapa vijana wa familia.

Kama umekuwa ukivuja damu kwa muda mrefu, huenda umepewa vidonge vya madini ya chuma. Usivimeze kwa chai, hata kama unaishi katikati ya majani chai. Chai huzuia mwili kunyonya madini hayo. Acha saa moja au mbili zipite, umeze kwa maji na chungwa.

Wodini na safari ya nyumbani

Mwombe mwenzako awe mgeni wako wa siku ya pili. Siku ya kwanza utakuwa bado una usingizi wa nusukaputi, dripu mkononi na pengine mpira wa mkojo. Siku ya pili ndipo muuguzi atakapotaka utembee, na ndipo hofu inapopanda. Aliyepitia atakuonyesha kwa vitendo: usijiinue moja kwa moja kutoka mgongoni, geukia ubavu, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mkono hadi ukae. Leso iliyokunjwa mara nne huwekwa juu ya kidonda na kushikiliwa kwa viganja viwili kila unapokohoa, kupiga chafya au kucheka.

Siku ya kuruhusiwa, wengi hutazama bili na mlango tu. Katika baadhi ya hospitali, familia hukabidhiwa chupa yenye kilichotolewa, ikiwa ndani ya dawa ya kuhifadhi, waipeleke maabara wenyewe. Chupa hiyo ikisahaulika juu ya kabati, hutajua kamwe kama palikuwa na saratani. Mtu mmoja aandikwe jina kwa kazi hiyo peke yake: kuipeleka, kutunza risiti, kufuata majibu.

Kama utarudi kwa matatu, usikubali kiti cha nyuma kabisa, kwa kuwa kila tuta hukurusha. Kaa mbele au katikati, weka ile leso kati ya mkanda na tumbo, na umwombe dereva mapema apunguze mwendo. Bodaboda iache hadi daktari akuruhusu.

Wiki sita nyumbani

Wiki ya 1 na ya 2. Simu fupi kila siku, hata ya dakika tano. Mwenzako aulize mambo manne: umetembea? umekwenda choo? maumivu yanapungua? umelala? Kufunga choo huwasumbua wengi. Maji ya kutosha, papai, uji na mboga za majani husaidia. Kutokwa na majimaji yenye damu kidogo ni kawaida, na huweza kuendelea kwa wiki kadhaa.

Wiki ya 3 na ya 4. Hiki ndicho kipindi cha hatari kwa wanawake wa mashambani. Maumivu yamepungua, wageni wamepungua, na mtungi uko mlangoni mtupu. Mwenzako aje ana kwa ana wiki hizi. Hiki pia ndicho kipindi ambacho machozi hutoka bila taarifa, hata kwa aliyekuwa na watoto wanne na aliyeutaka upasuaji mwenyewe.

Wiki ya 5 na ya 6. Jiandaeni kwa kliniki ya marejeo. Andika maswali pamoja naye: majibu ya maabara, kurudi kazini, tendo la ndoa, ambalo kwa kawaida husubiri angalau wiki sita na ruhusa ya daktari, na kama bado unahitaji kupimwa mlango wa kizazi. Aliyeachiwa mlango huo anaendelea kupimwa.

Ovari zote mbili zikitolewa, homoni zake hukoma na dalili za ukomo wa hedhi huja mara moja: joto la ghafla usiku wa baridi ya Julai, usingizi kukatika, uke kukauka, hasira zisizo na chanzo. Kuna matibabu, ikiwemo homoni mbadala kwa wanaofaa, kwa hiyo mwambie daktari. Hata ovari zikibaki, ukomo wa hedhi unaweza kuja miaka kadhaa mapema.

> KISANDUKU: Usimpigie mwenzako, nenda hospitali
>
> - damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, au mabonge makubwa;
> - homa ya nyuzijoto 38 au zaidi;
> - usaha, harufu mbaya, au kidonda kufunguka;
> - kushindwa kukojoa, au mkojo kuvuja bila kujizuia;
> - mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi;
> - kifua kubana au pumzi kukatika;
> - tumbo kuvimba na kutapika bila kukoma.
>
> Huzuni isiyoisha kwa zaidi ya wiki mbili, au mawazo ya kujidhuru, nayo yanahitaji mtaalamu. Laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199.

Mume naye apate mwenzake

Uvumi wa mitaani husema mwanamke aliyetolewa kizazi amekuwa "baridi", au ndani amebaki pango. Uke haukutolewa. Baada ya kupona, wengi huendelea na tendo la ndoa, na waliokuwa wakivuja damu au kuumia mara nyingi huona nafuu. Mume anaweza kuyasikia haya kwa mkewe na asiyaamini, kisha akayaamini kwa mwanamume mwenzake. Muulize mwenzako kama mumewe atakubali kumpigia wako simu. Vikundi vya wanaume makanisani, kama PCMF ya Wapresbiteri na CMA ya Wakatoliki, navyo havikosi mzee mmoja mtulivu aliyemuuguza mkewe.

Aliyetolewa kwa dharura

Aliyeamka na kuambiwa kwamba kizazi kilitolewa ili aishi hakupata nafasi ya kujiandaa. Kwake kila kitu huanza baada ya tukio. Asiharakishwe kushukuru. Wiki za mwanzo, ndugu amwombe daktari muda wa kumweleza mgonjwa upya kilichotokea, akiwa na nguvu za kusikia na kuuliza. Kisha atafutiwe mwenzake aliyepitia dharura kama hiyo. Aliyepanga upasuaji wake kwa miezi mitatu huenda asimfae, hasa kama mmoja ana watoto na mwingine hana.

Makosa yanayorudiwa

- Kungoja hadi baada ya upasuaji. Maswali mengi yalikuwa na majibu wiki mbili kabla.
- Kulinganisha siku. "Yeye wiki ya tatu alikuwa shambani." Yeye huenda alifanyiwa kwa kamera.
- Kugawana dawa. Vidonge vya maumivu vilivyobaki kwa mwenzako si vyako, hata kama mlifanyiwa upasuaji na daktari mmoja.
- Kumtegemea mtu mmoja kwa kila kitu. Naye ana shamba, ana watoto, na kumbukumbu zake bado zinamuuma.
- Kuingia kikundi kikubwa cha WhatsApp usiku wa kuamkia upasuaji. Utasoma mabaya yote, uamke presha iko juu.

Ukitaka kuanzisha kikundi kidogo

Baada ya miezi sita, huenda wewe ndiye utakayeulizwa na muuguzi. Watu watano hadi wanane wanatosha. Kutaneni mara moja kwa mwezi, siku isiyo ya soko. Kwa wa Mathira ina maana ya kuepuka siku za soko la Karatina. Ombeni chumba hospitalini au kanisani badala ya nyumbani kwa mtu. Jina la kikundi kwenye simu lisitaje ugonjwa. Wekeni kanuni nne na kuzisoma kila kikao: yanayosemwa hapa hayatoki, hakuna kupiga picha, hakuna kuuza bidhaa, na hakuna kumpa mtu dawa. Mwalikeni muuguzi mara moja kila miezi mitatu ajibu maswali ya kitabibu.

Orodha ya kukagua

☐ Nina majibu ya maswali saba ya daktari kwenye daftari

☐ Nimezungumza na mwanamke mmoja aliyefanyiwa upasuaji kama wangu

☐ Nimeamua nani ajue nini, na maneno ya kutumia kwenye mchango

☐ Kila kazi ya wiki sita ina jina la mtu

☐ SHA na mwajiri wameshughulikiwa

☐ Leso, pedi, sweta, soksi na nguo pana ziko kwenye mkoba

☐ Anayefuata majibu ya maabara anajulikana

☐ Mume amepewa mtu wa kuzungumza naye

☐ Dalili za hatari zimebandikwa ukutani, pamoja na namba ya wodi na ya dereva wa gari

☐ Tarehe ya kliniki ya marejeo imeandikwa, na wa kunisindikiza anaijua